Luteni Cameron na Rafiki Asiyefika Ujiji

Ndugu zangu wa miaka yote, na ninyi vijana mngali madarasani: nani kati yetu hakupelekwa Ujiji kuonyeshwa mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871? Leo nataka kumtaja mgeni mwingine wa Ujiji, Verney Lovett Cameron, ambaye kwa maoni yangu ametupwa pembeni mno.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1844, akaingia jeshi la majini mwaka 1857 akiwa bado mtoto. Alitumikia manowari zilizowinda majahazi ya watumwa katika pwani yetu. Mwaka 1873 alipewa msafara wa kumpelekea Livingstone msaada, akaandamana na Dakta Dillon, mganga wa jeshi hilohilo la majini. Hao wawili walikuwa marafiki wa siku nyingi, waliokula meza moja melini. Wengine walikuwa Murphy na kijana Moffat, jamaa yake Livingstone. Kiongozi wa wapagazi alikuwa Sidi Mubarak Mombay, ambaye alikuwa amekwisha kuwaongoza Burton, Speke na Stanley. Wazungu walipata sifa; njia aliijua Mombay.

Moffat alikufa kwa homa kabla hawajafika mbali. Huko Unyanyembe, karibu na Tabora, homa iliwalaza wote, na Cameron akapofuka kwa muda. Mwezi Oktoba wakaja Chuma na Susi na wenzao wakiuchukua mwili wa Livingstone. Cameron alishauri uzikwe palepale. Wale watu wakakataa, na nadhani walifanya vema.

Kazi waliyotumwa ilikuwa imekwisha. Dillon, akiwa mgonjwa wa homa na kuhara damu, naye macho yake hayaoni, aliamua kurudi pwani pamoja na Murphy na mwili ule. Cameron aliamua kwenda mbele. Wakaagana mwezi Novemba. Siku chache baadaye, tarehe 18, huko Kasekera, Dillon alijipiga risasi akiwa amerukwa na akili kwa homa. Habari ilimfuata Cameron njiani. Angeweza kugeuka, wala hakuna ambaye angemlaumu. Hakugeuka.

Mwezi Februari 1874 akaingia Ujiji, akazikuta karatasi za Livingstone, akazipeleka pwani. Kisha akafanya kazi ya baharia. Alipata mashua mbili akaziita Betsy na Pickle, akashika mwambao kuelekea kusini, akipima na kuchora, akazunguka na kurudi kwa upande wa magharibi. Tarehe 3 Mei aliingia mto Lukuga, karibu na Kalemie ya leo, akaona maji yakitoka ziwani, mpaka magugu yanayoelea yalipomzuia. Wataalamu walikuwa wakibishana maji ya Tanganyika huenda wapi. Stanley alipopita mwaka 1876 alitilia shaka, lakini Lukuga ndio mlango, na maji yake huingia Lualaba.

Kutoka Ujiji alivuka kwenda Manyema, akafika Nyangwe, akataka kuushuka mto ule kwa mitumbwi akaikosa. Tippu Tip alimpokea akamwonyesha njia ya kusini. Sehemu iliyobaki ndiyo chungu: yeye aliyewinda majahazi ya watumwa alilazimika kufuatana na msafara wa Alvez, mfanyabiashara wa watumwa, akiwaona mateka wamefungwa kamba bila uwezo wa kuwafungua. Tena tusimfanye malaika. Njiani aliitangaza nchi ya Kongo kuwa chini ya Uingereza, asiwaulize wenyewe. Serikali yake ikakataa.

Mwezi Novemba 1875 alitokea Katombela, pwani ya Angola, akiwa mzungu wa kwanza kuvuka Afrika ya kati toka mashariki hadi magharibi. Kwao alipandishwa cheo, akapewa nishani, na mwaka 1877 akatoa kitabu Across Africa, ambamo Dillon anatajwa kwa majonzi ya rafiki. Mombay alifariki mwaka 1885. Cameron mwenyewe, aliyeponea homa, njaa na mawimbi ya ziwa letu, alianguka kutoka juu ya farasi huko kwao mwezi Machi 1894, akafa akiwa na miaka 49.