RUFAIDA AL-ASLAMIYYA (R.A.): MUUGUZI WA WASIOKUWA NA MTU



Ndugu wanafunzi na wazazi wetu, tunawajua Masahaba walioshika upanga na waliohifadhi elimu. Safari hii tumemchagua Sahaba aliyeshika beseni la maji na kitambaa cha kufungia majeraha.

Alikuwa nani?

Bibi Rufaida alitokana na kabila la Aslam, waliokuwa wakiishi pembezoni mwa Madina. Baadhi ya wanahistoria wamemtaja kwa jina la Ku'aiba bint Saad. Alikuwa na hema lake katika msikiti wa Mtume (S.A.W.), na humo akiwatibu majeruhi.

Lakini lipo jambo moja ambalo wanahistoria wamelitaja mahsusi juu yake: alijitolea kuwahudumia Waislamu waliokuwa hawana mtu wa kuwaangalia. Tukumbuke kwamba Madina ya wakati ule ilikuwa na Muhajirina wengi walioacha ndugu na mali Makka. Mtu wa namna hiyo akiugua, nani atamnywesha maji? Nani atamfulia nguo? Rufaida alikuwa akitafuta thawabu kwa Mola wake kwa kuwahudumia watu hao.

Saad bin Muadh hemani

Mwaka wa 5 Hijria (627), katika vita vya Khandaq, Saad bin Muadh (R.A.), kiongozi wa Aws, alipigwa mshale ukakata mshipa mkubwa wa mkono. Mtume (S.A.W.) aliamrisha alazwe katika hema la Rufaida, ili awe karibu naye na aweze kumzuru. Akawa kila apitapo, asubuhi na jioni, humuuliza Saad hali yake.

Tuzingatie hapa. Saad alikuwa mkubwa wa kabila, mwenye jamaa wengi. Pamoja na hayo akapelekwa mahali palepale walipokuwa wakihudumiwa wanyonge, kwa sababu ndipo palipokuwa na mikono yenye ujuzi.

Baada ya siku kupita jeraha lilifumuka, damu ikatoka kwa wingi, na Saad akafariki. Je, kazi ya Rufaida ilipotea? Hasha! Uhai na mauti ni vya Mwenyezi Mungu. Jukumu la muuguzi ni kumpa mgonjwa haki yake mpaka dakika ya mwisho: usafi, maji, maneno mazuri na stara.

Hakuwa peke yake

Katika vita vya Uhud, Bibi Fatima (R.A.) alimwosha baba yake damu usoni huku Ali (R.A.) akimimina maji kwa ngao. Damu ilipozidi, akachoma kipande cha mkeka akaweka majivu yake juu ya jeraha. Walitumia kilichokuwepo. Sisi leo tunacho kitambaa safi na zahanati. Tukandamize jeraha kwa kitambaa hicho na kumwahisha mgonjwa, wala tusitie majivu wala udongo, kwani vinaweza kuleta pepopunda.

Umm Atiyya (R.A.) alitoka katika vita saba, akipika chakula na kuwatibu majeruhi. Rubayyi bint Muawwidh (R.A.) na wenzake waliwanywesha watu maji na kuwarudisha majeruhi Madina. Kwa matukio haya wanavyuoni wametoa dalili kwamba mwanamke anaruhusiwa kumtibu mwanamume panapokuwa na haja, kwa kuchunga mipaka ya sheria. Kwa hiyo binti anayetaka kusomea uuguzi asivunjwe moyo. Florence Nightingale wa Uingereza alikwenda vitani kuuguza mwaka 1854, zaidi ya miaka 1,200 baada ya Khandaq. Na huko New Delhi, India, chuo cha uuguzi cha Jamia Hamdard kimepewa jina la Rufaida.

Sisi wa Rondo

Hapa juu kwetu, mgonjwa akizidiwa hutelemshwa mpaka hospitali ya Nyangao au Lindi mjini. Hospitalini wauguzi wana wagonjwa wengi, na kazi nyingi za kando ya kitanda huangukia jamaa. Mwenye watoto huwa na wa kumgeuza. Bibi kizee ambaye wanawe wamehamia mbali je? Huyo ndiye mgonjwa wa Rufaida.

Mambo anayoweza kuyafanya hata mwanafunzi ni haya:

1. Nawa mikono kwa sabuni kabla na baada ya kumhudumia mgonjwa. Usiguse damu wala uchafu kwa mkono mtupu.

2. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili, na shuka lake linyooshwe, asije akapata vidonda vya kulalia.

3. Unapomwogesha funua sehemu moja tu, ioshe, ikaushe, uifunike, ndipo uende nyingine. Wanawake waogeshwe na wanawake, na wanaume na wanaume, kila inapowezekana.

4. Mwinue kabla ya kumnywesha, umpe kidogo kidogo. Aliyepoteza fahamu asipewe kitu mdomoni, asije akapaliwa.

5. Mkumbushe Sala. Asiyeweza kusimama ataswali amekaa, asiyeweza kukaa ataswali kwa ubavu, na asiyeweza kutumia maji atatayamamu.

Wanafunzi wapenzi, kila mmoja wetu atazame jirani zake. Yupo mgonjwa ambaye hakuna anayebisha hodi kwake? Twende tukamzuru, tumchotee maji, tumfulie shuka.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu amridhie Bibi Rufaida, awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie mikono yenye huruma. Aamin.