Leonhard Euler na Namba Kubwa

Leonhard Euler alizaliwa mwaka 1707 mjini Basel, nchini Uswisi. Baba yake, mchungaji wa kanisa, alitaka mwanawe afuate kazi hiyo, lakini kijana alipenda hisabati. Mwaka 1727 alikwenda Urusi kufanya kazi katika Chuo cha Sayansi cha St. Petersburg. Baada ya miaka kadhaa jicho lake la kulia likaharibika. Uzeeni la kushoto likaingia mtoto wa jicho, akawa karibu kipofu kabisa. Hata hivyo hakuacha kazi. Alihesabu kichwani, nao wanawe na wasaidizi wake wakaandika.

Mwaka 1772 alieleza habari za namba 2147483647. Namba hiyo hupatikana ukizidisha mbili 31 pamoja, kisha ukatoa 1. Je, ni namba tasa, yaani haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe? Ili kujua, ingetosha kujaribu vigawo visivyozidi 46340. Lakini hata hivyo ni vingi mno! Euler alitambua kwamba kigawo chochote cha namba hiyo, kikigawanywa kwa 248, lazima kibakishe 1 au 63. Basi zikabaki namba zisizofika 400 za kujaribu. Hakuna hata moja iliyoigawanya bila baki. Namba ilikuwa tasa, na wakati huo haikujulikana namba tasa nyingine iliyo kubwa kuliko hiyo.

Euler alifariki St. Petersburg mwaka 1783. Siku ile ile alikuwa amepiga hesabu.