COUSTEAU NA HEWA YA AKIBA

Mkulima mwenye busara hali mahindi yote ya kihenge. Huacha akiba ya kumfikisha mavuno mengine. Mbegu huziweka mahali pake peke yake, ili wadudu wakiingia kihengeni, zisiliwe zote pamoja. Sasa tusome habari za mtu ambaye akiba yake haikuwa mahindi. Akiba yake ilikuwa hewa.

1. Ajali ya gari

Jacques-Yves Cousteau alizaliwa tarehe 11 Juni, 1910, katika mji mdogo wa Saint-André-de-Cubzac, nchini Ufaransa. Jina lake hutamkwa Kusto. Mwaka 1930 aliingia chuo cha maofisa wa jeshi la wanamaji. Alitaka kuwa rubani wa ndege.

Mwaka 1936 alipata ajali ya gari. Aliumia vibaya mikono, na urubani ukaishia hapo. Akaanza kuogelea baharini kila siku ili mikono ipate nguvu. Rafiki yake Philippe Tailliez akampa miwani ya kuonea chini ya maji. Cousteau alipotia uso majini, aliona samaki na mimea ambayo hajapata kuiona. Tangu siku hiyo alitaka kukaa chini ya maji muda mrefu.

2. Bomba moja tu

Wenzetu wa Kyela wanalijua Ziwa Nyasa. Wanajua kuwa anayezama bila kifaa chochote hukaa chini kwa pumzi moja tu. Kisha lazima apande juu.

Wakati ule wazamiaji walipata hewa kwa bomba la mpira kutoka kwenye pampu iliyokuwa juu. Cousteau aliijaribu njia hiyo. Siku moja bomba lilikatika yeye akiwa chini. Alinusurika.

Alijaribu pia kupumua oksijeni tupu. Oksijeni humsaidia mgonjwa hospitalini. Lakini mtu akizama nayo zaidi ya mita 6 hivi, inaweza kuwa sumu. Mara mbili Cousteau alikakamaa na kutetemeka mwili chini ya maji. Nusura afe.

3. Mtungi wa mgongoni

Desemba 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, Cousteau alikutana mjini Paris na injinia Émile Gagnan. Petroli ilikuwa adimu, na Gagnan alikuwa ametengeneza vali ya kuendeshea magari kwa gesi. Wakaibadili vali hiyo ili impe mtu hewa ya mtungi. Mzamiaji akivuta pumzi, vali hufunguka. Akiacha kuvuta, hujifunga.

Mwaka 1943 walikijaribu kifaa hicho katika mto Marne, wakakirekebisha. Mwezi Juni Cousteau aliingia nacho baharini, mitungi 3 mgongoni. Hakwenda bila walinzi. Mkewe Simone aliogelea juu akimtazama. Rafiki yake Frédéric Dumas alikaa ufukweni, tayari kumfuata.

4. Wawili, hewa moja

Tarehe 27 Agosti, 1946, Cousteau na Dumas walizama katika chemchemi ya Vaucluse, kusini mwa Ufaransa. Chemchemi hiyo hutoka katika pango refu lenye giza. Kila mtu alikuwa na mitungi yake, kwa hiyo walijiona salama.

Walipofika zaidi ya mita 40, akili zilianza kuwapotea. Cousteau alisahau alichokuja kufanya. Dumas aliishiwa nguvu. Hakuna aliyeweza kumsaidia mwenzake vizuri, kwa sababu wote wawili walikuwa wamelewa sumu moja.

Juu alikuwapo Maurice Fargues, ameshika kamba. Cousteau aliivuta kamba. Fargues alidhani wanataka kamba zaidi, akaiachia. Baadaye aliona mambo hayaendi sawa, akavuta kwa nguvu. Wote wawili wakatoka hai.

Ilikuja kujulikana kuwa mashine iliyojaza mitungi ilikuwa imevuta moshi wa injini yake yenyewe. Ndani ya moshi huo mna gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Mitungi ilikuwa mingi, lakini hewa ilitoka mahali pamoja.

Mwaka 1947 Fargues naye alizama hadi mita 120. Katika kina kama hicho hata hewa safi hulevya akili. Wenzake walimvuta kwa kamba, lakini hawakumkuta hai. Kamba ni akiba njema, lakini haiwezi kila kitu.

5. Akiba ya kweli

Mitungi mingi ya miaka ya 1950 ilikuwa na fimbo ya akiba. Pumzi ikianza kuwa nzito, mzamiaji alivuta fimbo, akapata hewa kidogo ya kupandia juu. Lakini fimbo ikijigonga na kushuka mapema, akiba ililiwa bila mwenyewe kujua.

Siku hizi mzamiaji hubeba kipimo cha hewa na kipande cha pili cha mdomoni, cha kumpa mwenzake aliyeishiwa. Kipande hicho huvuta hewa ya mtungi ule ule. Kwa hiyo wengine huongeza mtungi mdogo wenye vali yake.

Anayechagua mtungi huo huangalia mambo haya:
- Uwe na hewa ya kutosha kupanda polepole. Kutoka mita 27, kwa mwendo wa mita 9 kila dakika, ni dakika 3. Kisha kuna dakika 3 za kupumzika karibu na juu.
- Uwe mahali mkono unapofika hata gizani.
- Upimwe kabla ya kuingia majini.
- Mwenyewe awe amezoea kuutumia kabla ya hatari.

Anayepanda hazuii pumzi kamwe. Hewa huvimba kifuani na kuweza kupasua mapafu.

6. Miaka ya mwisho

Kuanzia mwaka 1950 Cousteau alisafiri baharini kwa meli yake, Calypso. Filamu yake ya maisha ya baharini ilipata tuzo kubwa ya Cannes mwaka 1956. Mwaka 1979 mwanawe Philippe alifariki katika ajali ya ndege. Cousteau alifariki Paris tarehe 25 Juni, 1997, akiwa na miaka 87.

7. Nasi je?

Gesi ya Vaucluse ndiyo hutoka katika jiko la mkaa. Katika baridi ya Makete, Mufindi na Rungwe, wapo wanaolala na jiko ndani, wamefunga mlango na dirisha. Nyumba nzima huvuta hewa moja. Wote huzimia pamoja, asibaki wa kufungua mlango. Toeni jiko nje kabla ya kulala.

Mchimba kisima naye asishuke bila kufungwa kamba na bila watu juu. Akizimia, avutwe kwa kamba. Asifuatwe shimoni, kwani anayemfuata atavuta hewa ile ile.

MASWALI

1. Kwa nini Cousteau na Dumas walishindwa kusaidiana?
2. Mtungi mdogo unazidi kipande cha pili kwa jambo gani?
3. Mzamiaji yuko mita 18. Akipanda mita 9 kila dakika, atatumia dakika ngapi?
4. Jadilianeni: kijijini kwetu, akiba gani zinatoka mahali pamoja na kitu chenyewe?