Mjane Clicquot, mama aliyeokolewa na mavuno ya mwaka 1811

Mwezi wa Oktoba 1805, katika mji wa Reims, kaskazini-mashariki mwa Ufaransa, François Clicquot alifariki na kumwacha mke wake, Barbe-Nicole Ponsardin, pamoja na binti wa miaka sita. Mjane alikuwa na miaka 27. Alibakiwa pia na biashara ya divai ya shampeni, ambayo baba mkwe wake alikuwa ameianzisha mwaka 1772 na sasa alitaka kuifunga.

Barbe-Nicole alikataa. Sheria ya Napoleon ilimweka mke chini ya mamlaka ya bwana yake hata katika biashara, lakini mjane alikuwa huru kufanya kazi kwa jina lake mwenyewe. Baba mkwe akakubali kumpa mtaji, kwa sharti ashirikiane kwanza na mfanyabiashara mzoefu, Alexandre Fourneaux. Ilikuwa miaka minne ya shida. Vita vilikuwa vimevuruga njia za bahari, na chupa hazikuweza kuwafikia wateja. Mwaka 1810 Fourneaux akajitoa, mama akabaki peke yake.

Kusudi kuelewa kilichofuata, ni lazima kujua kwamba divai si kama sabuni, ambayo ya mwaka huu ni sawa na ya mwaka jana. Champagne ni eneo la baridi, na kuna miaka ambayo zabibu haziivi vizuri. Baridi ya Aprili ikiunguza machipukizi, mvua ya mawe ikipiga mashamba, au mvua ikinyesha wakati wa kuvuna, divai inatoka nyepesi na yenye uchachu mwingi. Divai ya namna hiyo hunywewa mapema, au huchanganywa na ya miaka mingine ili kasoro yake isionekane. Jua likitosha, zabibu hupata sukari na ladha hukolea. Lakini joto peke yake halitoshi. Uchachu ukiisha wote, divai huchoka haraka, maana ndio unaoilinda inapolala chupani miaka mingi. Sukari na uchachu kukutana kwa kipimo kizuri ni bahati isiyokuja kila mwaka.

Ilikuja mwaka 1811. Kiangazi kilikuwa cha joto, na mavuno yakawa mazuri ajabu. Mwaka huohuo nyota kubwa yenye mkia ilionekana angani kwa miezi mingi, na wakulima wakaamini ndiyo iliyobariki mizabibu. Nyota haikufanya kitu. Lilikuwa jua tu. Hata hivyo uvumi huo ulisaidia soko, na wenye divai wakaanza kuchora nyota kwenye vizibo vyao.

Tatizo lilikuwa kuuza. Wateja wakubwa wa mjane walikuwa Urusi, na Napoleon aliivamia Urusi mwaka 1812. Divai ya 1811 ikabaki imelala chini ya ardhi, katika mapango ya mawe ya chaki ya Reims, ambamo baridi haibadiliki sana mwaka mzima. Kwa mwenye madeni kulikuwa kungoja kwa uchungu, lakini divai ilizidi kukomaa. Mwanzoni mwa 1814 askari wa Urusi waliingia hata ndani ya Reims. Napoleon alipoanguka mwezi wa Aprili, mjane hakungoja masoko yafunguliwe rasmi. Alikodi meli kimyakimya, na mwezi wa Juni chupa zaidi ya 10,000 ziliondoka Rouen kwenda Königsberg, zikisindikizwa na mwuzaji wake mwaminifu, Louis Bohne. Washindani wake walikuwa wangali wakijitayarisha. Kama joto la safari lingezipasua chupa hizo, nyumba ingefilisika. Zilifika salama, zikanunuliwa kwa bei ya juu, na jina la Clicquot likaenea Urusi.

Mwaka 1816 mambo yaligeuka. Mlima wa moto Tambora, huko Indonesia, ulikuwa umelipuka mwaka uliotangulia, na Ulaya haikupata kiangazi. Zabibu zilikosa kuiva. Ni wakati huo ambapo mjane, pamoja na mfanyakazi wake Antoine Müller, alitengeneza meza yenye matundu ya kusimamishia chupa, midomo ikielekea chini. Chupa ziligeuzwa kidogo kidogo hadi machicha ya hamira yashukie kwenye kizibo, kisha yakatolewa. Divai iliyokaa chupani muda mrefu ikaweza kutoka safi bila kupoteza povu lake.

Barbe-Nicole alifariki Boursault mwaka 1866, akiwa na miaka 88. Biashara haikwenda kwa binti yake bali kwa Édouard Werlé, mshirika wake wa kazi. Mwaka 2010, wazamiaji waliikuta meli iliyozama karibu na visiwa vya Åland, Finland, ikiwa na chupa 168 za shampeni, baadhi zikiwa za nyumba ya Clicquot. Zilikuwa zimelala humo, gizani na kwenye baridi, miaka kama 170. Waliozionja walikuta kwamba baadhi zilikuwa bado zinanyweka.