Sungura wa Tigerstedt na presha ya shosh

Unajua zile tembe za presha ambazo shosh wako wa Kayole huweka kwa kikopo juu ya kabati? Stori yake inaanza na Robert Tigerstedt, mzaliwa wa Helsinki, 1853.

Akiwa profesa Stockholm, yeye na mwanafunzi wake Per Bergman walisaga figo za sungura, wakachuja, wakamdunga sungura mwingine. Presha ikapanda. Wakarudia, ikapanda tena. Maji hayo yakichemshwa, hayafanyi kitu. Kumbe figo si mtaro wa uchafu tu, kuna kitu inamwaga kwa damu. Mwaka wa 1898 wakakiita renini.

Na hakuna aliyeshtuka. Kazi hiyo ililala miaka 36, mpaka Harry Goldblatt wa Marekani alipobana mishipa ya figo za mbwa na presha ikapanda. Tigerstedt alikuwa ameshakufa, 1923. Lakini usimwone mtu wa maabara tu: 1918, huko Ufini, aliandika wazi vile wafungwa wa kambi ya Tammisaari walikuwa wanakufa njaa. Alikuwa na roho.

Sasa cheki. Atenolol hupunguza renini inayotoka kwa figo. Enalapril inafanya kinyume, na hapo ndipo mimi nilichanganyikiwa: ukimpa mnyama, figo zake humwaga renini nyingi zaidi, juu zinaona presha imeshuka. Ila dawa imeziba njia mbele, renini haifiki mbali. Shosh akiacha kumeza juu anajiskia fiti, njia inafunguka.

Ukifika kwake jioni, chungulia hicho kikopo uone kama zinapungua.