Robert Koch: Kutoka Kifua Kikuu hadi Homa ya Papasi

Jina la Robert Koch aghalabu hutajwa sambamba na kifua kikuu. Kuna sehemu ya maisha yake, hata hivyo, ambayo haisimuliwi sana, ingawa inamhusu msomaji wa Afrika Mashariki moja kwa moja.

Koch alizaliwa Clausthal, Ujerumani, tarehe 11 Desemba 1843. Alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen mwaka 1866, kisha akawa daktari wa wilaya huko Wollstein. Maabara yake ya kwanza ilikuwa nyumbani mwake. Humo aliwakuza bakteria wa kimeta katika majimaji ya jicho la ng'ombe, akawadunga panya, na mnamo 1876 akathibitisha kuwa ndio wanaosababisha maradhi hayo.

Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, alitangaza kuwa amemwona bakteria wa kifua kikuu. Kazi haikuwa nyepesi. Bakteria huyu hukua polepole mno na haonekani kwa hadubini mpaka atiwe rangi maalumu. Utafiti wa aina hii ulirahisishwa pia na maarifa ya jikoni: Fanny Hesse, mke wa msaidizi wake mmoja, ndiye aliyependekeza agari itokanayo na mwani itumike kukuzia bakteria, kwa kuwa haiyeyuki katika joto la mwili. Jina la mama huyo ni nadra kutajwa. Hadi leo, makohozi ya mgonjwa wa Kawangware au Kibera mwenye kikohozi kisichokwisha hupelekwa maabara kutafutwa bakteria yuleyule. Vyumba vilivyosongamana na visivyopitisha hewa humfaa sana.

Mwaka 1890 Koch alitangaza dawa ya kifua kikuu, tubakulini, huku akificha namna ilivyotengenezwa. Haikuponya, wagonjwa wengine ilizidi kuwadhuru. Iliishia kuwa kipimo cha kutambua maambukizi.

Mnamo 1905 alikuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani akichunguza homa ya vipindi. Wenyeji walikuwa na jina la mdudu wa vibandani aumaye usiku na kujificha mchana katika vumbi na nyufa: papasi. Koch aliwakusanya papasi katika vibanda vya njia za misafara, akawapasua, akakuta ndani yao bakteria waliojipinda mithili ya parafujo. Jambo la kushangaza zaidi ni kwamba aliwakuta hata katika mayai. Papasi mchanga, kwa hiyo, angeweza kuzaliwa tayari na maambukizi, na kibanda kuwa cha hatari hata baada ya wagonjwa kuondoka. Koch alitambua pia kuwa wenyeji, waliokwisha kuumwa tangu utotoni, hawakulemewa na homa hiyo kama wageni.

Hakuwa peke yake katika uchunguzi huu. Huko Kongo ya mashariki, Joseph Everett Dutton, Mwingereza mwenye umri wa miaka 30, alikuwa amefikia uvumbuzi wa namna hiyo hiyo. Homa aliyoichunguza ilimpata mwenyewe, akafariki Kasongo tarehe 27 Februari 1905. Bakteria huyo sasa huitwa kwa jina lake, wala si kwa jina la Koch.

Koch alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwezi Desemba mwaka huo. Angeweza kupumzika. Badala yake, mwaka 1906 alikwenda visiwa vya Ssese, Uganda, ambako malale yalikuwa yakiangamiza watu. Malale hayaletwi na bakteria bali na kijidudu kingine kienezwacho na mbung'o. Alifungua kambi, wagonjwa wakamiminika kwa mamia, naye akawadunga atoksili, dawa yenye aseniki. Mwanzoni wengi walipata nafuu. Nafuu ilipokatika, dozi ziliongezwa, na zaidi ya wagonjwa 20 wakapofuka wasione tena. Dozi hizo kubwa zikasitishwa. Wagonjwa hao walikuwa wamekwenda kambini kwa imani, na hawakuwa na namna ya kujua kwamba kipimo sahihi cha dawa kilikuwa bado kinatafutwa kwa miili yao. Waandishi wengi wa maisha ya Koch hulipita suala hili kwa sentensi moja.

Aliondoka Ssese mwaka 1907. Alifariki Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910, na majivu yake yakahifadhiwa katika taasisi yake mjini Berlin.