Mwenda wa Bayeke: vidole viwili vilivyopeleka Kiswahili ya Katanga mbali

Wazee wengi wa kwetu wanatambua ile gitare hata kabla sauti ya mutu haijaingia. Ni gitare moja tu, bila umeme na bila ngoma, lakini ukifunga macho utaapa kama watu wawili wanapiga. Huyo njo Jean-Bosco Mwenda, mwenye wengi walimujua pia kwa jina la Mwenda wa Bayeke. Vijana wetu wa Bukavu, Goma, Kalemie, ao hata hapa Lubumbashi, wengi hawamujui tena. Leo tunarudilia njia ya maisha yake.

Mwenda alizaliwa mwaka wa 1930 kule Bunkeya. Bunkeya haikuwa kijiji cha hivi hivi. Ilikuwa kiti cha ufalme wa Bayeke, wenye Msiri alijenga katika karne ya 19 akitokea upande wa Unyamwezi, inchi yenye leo ni Tanzania. Msiri aliuawa mwaka wa 1891, wakati watu wa mfalme Leopold walikuja kukamata Katanga. Kwa hiyo mutoto wa Bunkeya alikuwa anakomea katika familia yenye kukumbuka njia ndefu za mashariki, na yenye kujua namna wageni wanaweza kubadilisha inchi kwa siku moja.

Karibu na Bunkeya kulikuwa Jadotville, muji wa migodi wenye tangu 1966 unaitwa Likasi. Kampuni ya Union Minière, yenye iliundwa mwaka wa 1906, ilikuwa imeandika wafanyakazi toka Kasai, Maniema, Rwanda, Urundi na Rhodesia ya Kaskazini. Kila mutu alifika na lugha ya mama yake. Ili waelewane ndani ya migodi, kwenye soko na kwenye bomba la maji, Kiswahili njo ilishika kazi. Haikuwa Kiswahili ya Unguja. Ilikuwa Kiswahili ya kampi, yenye kuchanganyika na Kiluba, Kibemba na Kifaransa. Mwenda alichukua hiyo lugha sawa vile ilivyo, akaiimba bila haya.

Muziki pia ilikuwa inafika toka kila upande. Treni ilileta wasafiri wa Rhodesia na gitare zao. Diski za Kuba, zaidi zile zenye alama ya GV, zilikuwa zinapigwa kwenye gramafoni za site. Filamu za wakauboi zilionyesha watu wenye gitare mukononi. Mwenda alisikia vyote hivyo, akavichanganya na nyimbo za kwao. Kidole gumba kilikuwa kinashika sauti nzito za chini, na kidole cha shahada kinacheza wimbo juu. Vidole viwili tu, lakini kila kimoja kinafuata njia yake bila kukanyaga mwenzake.

Mwaka wa 1952, Muingereza mumoja, Hugh Tracey, alipita Jadotville na mashini zake za kurekodi. Alikuwa anazunguka Afrika kutafuta muziki ya wenyeji. Akamukuta Mwenda, kijana wa miaka 22 hivi, akamurekodi. Katika nyimbo za wakati ule muna Masanga, wenye ukawa jina lake duniani. Kazi hiyo ilimupatia Mwenda zawadi ya muziki bora ya Afrika ya mwaka ule, na diski zake zikatoka kwa kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini. Toka pale zikasambaa Rhodesia, Kenya, Tanganyika na Uganda.

Hapa tusimame kidogo. Wimbo wenye umezaliwa Katanga ulikuwa unauzwa na kampuni ya inchi ingine, katika inchi zenye Mwenda mwenyewe hakuwa bado amekanyaga. Sifa ilitembea haraka. Franga inatembeaka pole pole, na mara ingine inapotea njiani. Jambo hilo linaeleza sehemu kubwa ya maisha yake: mutu mwenye jina kubwa vile, hakuacha kazi ya mushahara. Alifanya kazi ya ofisi katika utawala wa muji wa Lubumbashi, akafanya pia kwa Gécamines, kampuni ya serikali yenye ilichukua nafasi ya Union Minière. Aliongoza orkestra, na kule Sakania, karibu na mupaka wa Zambia, alikuwa na hoteli. Gitare ilimupa jina, lakini mukate ulitoka pengine.

Mwisho wa miaka ya 1950, Mwenda alienda Nairobi. Kule alikuwa na kipindi chake kwenye redio, na wapiga gitare wa Kenya wakawa wanamusikiliza kwa makini kabisa. Kizazi kizima cha wapiga gitare kule kilifuata njia yake. Edouard Masengo, ndugu yake wa Katanga, alipita naye kule Kenya na nyimbo zake za Kiswahili. Wakati wanasiasa walikuwa bado wanachora mipaka mupya ya uhuru, hawa vijana wa kwetu walikuwa wamekwisha kuivuka.

Mwaka wa 1960 uhuru ulifika, na mara moja Katanga ikajitenga, mambo yenye yaliisha tu Januari 1963. Kisha vita, ladha ya watu pia ilibadilika. Gitare za umeme na rumba ya Kinshasa zilijaza baa zote, na mupiga gitare wa peke yake akaonekana kama mutu wa zamani. Lakini nje walimukumbuka. Mwaka wa 1969 alialikwa Marekani kwenye tamasha la Newport. Mwalimu mumoja, David Rycroft, alikuwa tayari ameandika kwenye karatasi, noti kwa noti, namna Mwenda alikuwa anapiga Masanga. Mwaka wa 1979 Muingereza mwengine, John Low, alisafiri mpaka huku Shaba ili ajifunze kwake na kwa wapiga gitare wenzake, kisha akaandika kitabu.

Wakati wa Zaire majina ya Kikristo yalikatazwa, na Jean-Bosco akabaki Mwenda wa Bayeke, mutu wa watu wake. Mwaka wa 1988 alienda Cape Town kurekodi tena, na sauti yake ya utu uzima ilibaki kwenye albamu yenye ilitoka mwaka wa 1994. Yeye mwenyewe hakuiona. Mwezi wa Septemba 1990 alikufa katika ajali ya gari huko Zambia. Alikuwa na miaka 60.

Sasa urizi wake uko wapi? Rekodi za Hugh Tracey zinachungwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki yenye alianzisha mwaka wa 1954 na yenye leo iko kwenye chuo kikuu cha Rhodes. Ulaya na Marekani kuna watu wanaopiga Masanga kwa kusoma karatasi. Ni vizuri. Lakini kwetu, kijana wa Kamalondo ao wa Kenya, mwenye gitare ya kukopa, mara nyingi hana mutu wa kumuonyesha vile vidole viwili.

Karatasi inachunga noti, haichungi mukono. Mukono unapita kwa mutu mwenye alikaa karibu na mwengine, akaangalia, akajaribu, akakosea, akaanza tena. Wale walioona kwa macho namna muziki hii inapigwa bado wako kati yetu, lakini kila mwaka wanapunguka. Kama nyumbani kwenu muna muzee wa hivyo, mumupe gitare wakati angali na nguvu, na muweke mutoto pembeni yake.